Ufito wa Kaburi la Mama

Nyumba ya Mchungaji, Hesvær
21 Juni 1881

Kaka yangu mpendwa Mikal,

Pokea salamu nyingi za nyumbani. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko kwenye misitu ya Wisconsin, na kwamba mguu ulioangukiwa na gogo umepona na huchechemei tena. Mimi sijambo. Ng'ombe wametoka zizini wakiwa wamekonda kiasi, nyasi za mwaka huu zinakuja vizuri, na wale bata wa baharini wamerudi kutagia chini ya sakafu ya banda la mashua, kama walivyokuwa wakifanya tulipokuwa watoto. Baba yu hai. Natanguliza hilo ili usilitafute kwa hofu katika kurasa zinazofuata.

Mama amefariki. Alifariki mwezi wa Februari, na sasa ni katikati ya kiangazi. Utauliza ni dada gani huyo anayekaa na habari kama hiyo miezi yote asimwandikie kaka yake. Jibu ni kwamba niliamini uko safarini. Sote hapa tuliamini hivyo. Niliona hakuna maana ya kutuma barua Wisconsin wakati wewe mwenyewe uko kwenye meli unarudi. Naomba usome kwa utaratibu, nami nitaandika kwa utaratibu, maana nikianza na mwisho hutaelewa chochote, na pengine utaichana barua.

Mama alianza kukohoa baada ya Mwaka Mpya. Kwanza tulidhani ni mafua ya kawaida ya nyumba hii yenye nyufa, kisha kikohozi kikashuka kifuani kikakaa huko. Akaacha kula. Nilimpikia uji wa krimu, nikamchemshia samaki, nikampondea viazi na maziwa, na kila sahani ilirudi jikoni kama ilivyokwenda. Ilipofika mwanzoni mwa Februari, Baba akawa hana budi kuvuka kwenda kisiwa cha Ytterøy, kwa kuwa kanisa la kule halikuwa limemwona mchungaji tangu kabla ya Krismasi, na watoto walikuwa wakingoja kubatizwa na makaburi yakingoja udongo wake.

Asubuhi ya kuondoka aliingia chumbani kwa Mama akiwa na mabuti yake ya baharini miguuni. Mimi nilikuwa nachochea moto wa jiko la pembeni, kwa hiyo hili sikusimuliwa. Alikaa ukingoni mwa kitanda akamwambia kwamba amekuandikia. Akasema amekuita nyumbani, na kwamba kwa hesabu zake sasa utakuwa umeshapanda meli. Mama akamuuliza kama kweli yeye mwenyewe ndiye aliyeandika, si Abelone. Baba akasema ni yeye mwenyewe, kwa mkono wake. Basi Mama akanigeukia akaniambia nilete uji. Alikula bakuli zima, akakwangua hata kingo zake. Baba akamfuta mdomo kwa kitambaa chake, akaenda pwani, na nilimsikia akiimba njiani.

Kuanzia siku hiyo ilikuwa kazi tupu. Mama alinituma juu darini nikafungue dirisha la chumba chako, nikapige godoro, nikatandike shuka za kitani. Akaniambia niitoe kahawa nzuri, ile aliyoletewa kutoka Bergen, niifiche nyuma ya pipa la unga. Ole Tobias, ambaye bado ndiye anayetuongozea nyimbo kanisani na bado anaingia jikoni kwetu kila anaposikia birika, alimkuta akinipa maagizo hayo. Mama akasema mbele yake, bila haya, kwamba Ole Tobias asipewe hata punje moja, hiyo ni ya Mikal. Ole Tobias akashika kiuno: "Haya basi, Mama Mchungaji! Mimi nimewaimbia hapa tangu huyo kijana hajazaliwa, nanyweshwa maji ya shayiri iliyoungua. Yeye katutoroka, ndiye anawekewa kahawa!" Mama alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Nilimwinua nikampigapiga mgongoni, na bado alikuwa akicheka.

Upepo wa kusini-magharibi uliingia siku mbili tatu baada ya Baba kuondoka, na bahari ikafungwa. Unaijua hali hiyo. Ytterøy ilionekana waziwazi kutoka dirishani, hata moshi wa nyumba zake, lakini hakuna mashua ambayo ingethubutu. Mama alifariki mchana, nikiwa namchana nywele. Mlango wa jikoni uligongwa, naye akauliza kama ni wewe umefika. Alikuwa Ole Tobias ameleta kuni. Nikamwambia bado. Akasema, "Basi akija mwambie avue viatu, sakafu imepigwa deki." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Nilikuwa nimeanza kusuka msuko wa pili nilipoona kichwa kimekuwa kizito mkononi mwangu.

Tulimngoja Baba kadiri tulivyoweza. Kaburi lilikuwepo, mojawapo ya yale tunayochimba kila vuli kabla ardhi haijaganda, lakini theluji ilikuwa inalijaza na upepo haukuonyesha dalili ya kutulia. Kwa hiyo Ole Tobias aliamua, nami nikakubali. Wanaume wote walikuwa Lofoten kwenye uvuvi wa chewa, na jeneza likabebwa na wazee wawili na wanawake wanne. Mbele upande wa kushoto alibeba Severine. Ndiyo, Severine yule yule. Hakuwa amekanyaga kwetu tangu ulipoondoka. Siku hiyo alikuja bila kuitwa, akavua glovu, akashika mpini.

Tukamzika Mama kama anavyozikwa kila mtu hapa mchungaji akiwa mbali. Ole Tobias alileta kutoka mnara wa kengele ufito mmoja mrefu, akausimamisha ncha yake juu ya kifuniko cha jeneza, tukafukia tukiuacha kichwa chake kimetokeza juu ya ardhi, ili mchungaji akirudi auchomoe, amwage udongo wake mara tatu kupitia tundu, na kusema maneno. Mpaka hapo maziko yanakuwa hayajaisha. Mtu amefukiwa, lakini hajafungiwa. Nilitazama ule ufito nikawaza kwamba angalau utakuwepo wewe utakapochomolewa. Hata nilifurahi kidogo. Ndivyo nilivyokuwa.

Baba alirudi upepo ulipokatika. Ole Tobias alimpokea gatini akamwambia pale pale, mashua haijafungwa. Baba hakuja nyumbani kwanza, alikwenda moja kwa moja makaburini, na watu waliokuwa pwani wakamfuata, kwa kuwa walidhani atamaliza maziko. Alisimama mbele ya ufito. Akauweka mkono juu yake, kisha akautoa. Akasema si leo. Alipoulizwa na Ole Tobias ni lini, alisema beti hazijawa tayari.

Kila mtu alielewa. Hakuna maiti wa Hesvær aliyewahi kumwagiwa udongo na Baba bila kupewa beti zake, na wewe ulikua ukizisikia. Waliozama, watoto wachanga, wanawake waliokufa katika uzazi, kila mmoja alipata zake, na jamaa zake wanazijua kwa moyo mpaka leo. Hata Halvor mlevi, aliyegandia mtaroni, alipata beti nne, na nzuri. Kwa hiyo watu walisema mchungaji anamtungia mkewe wimbo mkubwa kuliko yote, tumwache. Mimi pia nilisema hivyo. Nilimwona akiingia chumba chake cha kazi baada ya kifungua kinywa na kufunga mlango, nikapita mbele ya mlango kwa ncha za vidole.

Machi ikapita. Pasaka ikapita. Wanaume wakarudi kutoka Lofoten, wakaukuta ufito bado umesimama, na hapo maneno yakaanza. Dukani nilisikia mtu akisema nyuma ya magunia kwamba Halvor mlevi alipata beti nne, na mke wa mchungaji hajapata hata mstari. Mwingine akasema pengine hakuna neno linalopatana kwa vina na Birgitte. Wakacheka, kisha wakaniona, wakaanza kuulizana bei ya chumvi.

Mimi wakati huo nilikuwa na shughuli yangu. Kila meli ya barua ilipopuliza honi, nilijifunga shali nikateremka gatini. Wanawake wa pale walinitania, "Abelone, unamngoja mchumba gani huyo, mbona hashuki?" Nikawajibu namngoja kaka yangu, baba amemwita. Nikarudi peke yangu, nikapanda darini, nikafungua dirisha lako hewa iingie. Na Baba alikuwa ananiona. Alikuwa anaketi kwenye dirisha lake linalotazama njia ya gatini. Aliniona nikishuka, akaniona nikipanda, na hakusema lolote. Katika mambo yote nitakayokuandikia, hilo ndilo ninaloshindwa kulimeza.

Sasa lazima niutaje wimbo, ingawa unaujua kuliko mimi, maana ndio uliokuondoa. Anton wa Severine alipozama na kutupwa ufukweni, Baba alikuwa Ytterøy vilevile, na Anton akawekewa ufito. Severine akawa anakwenda kuutikisa na kumuuliza mumewe ameweka wapi ufunguo wa banda la mashua, kwa kuwa nyavu zilikuwa zinaoza ndani. Ole Tobias alimsikia akiwa nyuma ya ukuta, akatusimulia mezani. Baba alicheka akafuta machozi, na kabla kahawa haijaisha kikombeni alikuwa na wimbo kamili, na kiitikio chake, *Anton, Anton, ufunguo uko wapi?* Ukaimbwa kwenye harusi moja, wavuvi wakaupeleka Lofoten, na leo hakuna bandari kutoka Bergen hadi Tromsø usipoimbwa. Tenzi zake za kanisani, alizozitokea jasho miaka yote, zinajulikana hapa kwetu tu. Huu ndio ulimpa jina.

Wewe ulikuwa umeshamvika pete Dorthea, binti yake Severine. Nakumbuka ngoma ile ya mavuno, wanaume walipomzunguka wakamwimbia wimbo wa mama yake usoni, na Dorthea akabaki amesimama kama mtu aliyemwagiwa maji. Ulimwambia Baba asimame madhabahuni amwombe Severine radhi. Baba akakujibu kwamba amefanya kazi yake, kwamba wafu hawasikii kupitia tundu la ufito, kwamba huo ni upuuzi wa kale na ni wajibu wa mchungaji kuuondoa, na kwa kicheko unaondoka haraka kuliko kwa mahubiri. Akasema pia kwamba wimbo umeshakuwa wa watu, hauwezi kurudishwa. Nawe ukamwambia abaki na wimbo wake, na wimbo huo ndio umzike. Baada ya hapo tulikuwa tukikuona katika barua za Krismasi tu, na zote zilikuwa za Mama.

Nakukumbusha haya kwa sababu ya nilichokiona mwezi wa Mei. Ilikuwa asubuhi yenye jua, nimekwenda kuanika mashuka juu ya ukuta wa mawe unaotutenga na makaburi. Nikamwona Baba amepiga magoti kwenye kaburi la Mama. Kofia iko chini. Ameinama mpaka mdomo unakaribia kuligusa tundu pale ufito ulipoingilia ardhini, na mkono ameukunja kando ya mdomo, kama mtu anayemwambia mwenzake siri kanisani. Alikuwa anaongea. Sikusikia maneno. Niliona mgongo wake tu ukipanda na kushuka.

Nilitaka kujiondoa, lakini kwa lango la juu akawa anaingia Severine na ndoo yake, anakuja kumwagilia maua ya Anton. Nikabaki na shuka mkononi. Kaka, kama wakati ule angefungua kinywa akaimba kiitikio tu, Hesvær yote ingekuwa na haki ya kuitikia, na Baba asingeweza tena kupanda mimbarini. Severine alisimama nyuma yake, ndoo mkononi.

Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayemwelekeza mgeni njia, "Baba Mchungaji, umekaa upande mbaya. Upepo unachukua maneno yote unayapeleka kwa ng'ombe wa Ole Tobias."

Baba hakuinuka.

"Hamia huku," akamwambia. "Na ufito usiuguse kabisa. Ukiutikisa udongo unaporomoka unaziba tundu. Mimi nilitikisa, nilikuwa sijui."

Baba akahamia upande wa pili, kwa magoti. Akamuuliza, bila kumtazama, kama hatimaye aliupata ufunguo.

"Niliupata. Ulikuwa mfukoni mwa koti lake la kanisani, lililoning'inia mlangoni muda wote." Akaihamishia ndoo mkono wa pili. "Wimbo wako haukufika huko."

Baba akaanza kusema kitu kuhusu huo wimbo, akakatiza. Severine akamwambia aache, ameshauzoea, na Anton mwenyewe angecheka, alikuwa mtu wa kucheka. "Dorthea ndiye hakucheka," akasema, akaenda zake kumwagilia maua. Hakumwambia mtu yeyote. Ningejua, maana hapa jambo likiambiwa mtu mmoja asubuhi, mchana unalikuta dukani.

Lakini ufito wenyewe haukuhitaji kusimuliwa, ulionekana na kila aliyekuja kanisani. Mwishoni mwa Mei akaja Mkuu wa Jimbo katika ziara yake ya ukaguzi. Ni mtu mwenye adabu na ana tumbo dhaifu, nilimpikia supu. Mezani alimweleza Baba kwamba amesikia malalamiko, na kwamba hata bila malalamiko ana macho. Mchungaji anayewaamuru wengine wawaache wafu wao hawezi kumwachia wake mlango wazi. Akasema ama Baba amwage udongo Jumapili, ama ataumwaga yeye, na hilo litaandikwa katika taarifa. Kuhusu beti, akasema Bwana Mungu hajawahi kuzidai. Baba akasema Jumapili ni sawa.

Jumapili hiyo mashua zilikuja mpaka kutoka Ytterøy. Watu walitaka kusikia. Baada ya ibada tulitoka tukalizunguka kaburi, Mkuu wa Jimbo kichwani, Ole Tobias na sanduku la udongo na koleo dogo, mimi miguuni, Severine nyuma karibu na ukuta. Baba alikuwa amevaa joho na ile kola nyeupe ya mikunjo niliyoipiga pasi mwenyewe. Hakuwa na karatasi. Nikafikiri ameziweka kichwani.

Akasema, "Sina beti."

Halafu akaugeukia ufito. Sauti haikuwa ile ya kanisani. Ilikuwa ile anayoitumia mezani akiomba apewe chumvi. Naandika maneno yake jinsi yalivyokuwa, maana nimeyarudia kila siku tangu hapo.

"Birgitte, Mikal haji. Sikumwandikia. Nilikudanganya ili ule. Nilidhani nitarudi baada ya siku chache, nitaandika, na uongo utakuwa kweli kabla hujajua. Nikarudi nikakuta umewekwa humu. Kila siku nimekuja kukuambia, na kila siku nimeishia kukuambia habari za hali ya hewa."

Mimi nilikuwa namtazama Ole Tobias, kwa sababu sikutaka kumtazama Baba, na Ole Tobias alikuwa anatazama udongo ndani ya sanduku. Kisha Baba akaushika ufito kwa mikono miwili akavuta. Ulikuwa umeshika, ardhi ilikuwa imeganda na kuyeyuka na kukaza. Ole Tobias ikabidi aweke sanduku chini amsaidie, wakauvuta wawili, wazee hawa, mmoja na joho na mmoja na koti la kazi, mpaka ukatoka. Baba akachukua koleo. Udongo wa kwanza ukipita tundu unausikia ukigonga ubao. Wa pili sauti yake ni ndogo. Wa tatu husikii kitu.

Ole Tobias akamnong'oneza aimbishe upi. Baba akasema, "Wowote usio wangu." Kwa miaka mingi tumezika kwa tenzi za Baba tu, naye Ole Tobias hajui nyingine za kaburini. Tukasimama pale kama mbuzi kwenye mvua. Aliyeanza ni Severine, kutoka kule ukutani, wimbo wa kitabu cha zamani, wa bibi zetu, kwa sauti iliyokwaruza kwa sababu hajaimba kanisani tangu wimbo wa ufunguo. Wenye mvi wakaudaka mmoja mmoja. Sisi wengine na Mkuu wa Jimbo hatukuujua, tukainamisha vichwa.

Niliporudi nyumbani nilipanda darini nikazing'oa shuka zako kitandani nikazitupa chini. Nikakaa juu ya godoro. Baadaye nikazitandika tena, kwa kuwa sikujua nifanye nini kingine na mikono yangu. Nikamfuata Baba chumbani kwake nikamuuliza swali moja. Sikumuuliza kwa nini alimdanganya Mama, hilo nililielewa, alimwona akila. Nilimuuliza kwa nini hakuandika baada ya hapo, Machi yote na Aprili yote na Mei, wakati akiniona nikishuka gatini.

Akasema alianza kila siku. Mlango ulipokuwa umefungwa na sisi tukidhani anamtungia Mama, alikuwa anakuandikia wewe. Akasema, "Kila nikianza, inakuja na vina, Abelone. Nikiandika kwamba mama yake amekufa, mstari wa pili unakuja wenyewe, umependeza, na ninaona ulivyopendeza. Mwanangu hatasoma tena kitu changu kilichopendeza." Zote alizitia motoni. Akaniomba niandike mimi, kwa sababu mimi, akasema, sijui kupamba. Hiyo ndiyo barua unayoisoma. Nimejitahidi.

Tangu siku hiyo hajatunga kitu. Waliokufa mwezi huu wamemwagiwa udongo bila beti, na watu wananung'unika. Ole Tobias amejitolea kuwatungia, ametusomea jaribio lake la kwanza, la bibi mmoja wa Sørvika, na humo marehemu anafananishwa na samaki heringi aliyekauka vizuri. Nilicheka, kwa mara ya kwanza. Baba pia kidogo.

Sijui kama umemsamehe, wala sikuombi umsamehe, hilo ni lako. Dorthea ameolewa ng'ambo ya pili na mjenzi wa mashua, ana watoto wawili wanene. Nakuambia ili usije kwa ajili hiyo wala usiache kuja kwa ajili hiyo. Mama nadhani unataka kujua alikufaje. Alikufa akijua uko njiani. Kwake hukuchelewa. Waliochelewa ni sisi tuliobaki.

Limebaki jambo moja. Fito ni mali ya kanisa, hukaa mnara wa kengele, na Ole Tobias alikuja kuudai ule wa Mama. Baba alikataa kuutoa. Umesimama nyuma ya mlango wa chumba chake cha kazi, bado una udongo wa kaburini kwenye ncha. Amemwagiza Ole Tobias kwamba siku yake ikifika asimamishiwe huo huo, na asiwepo mchungaji wala Mkuu wa Jimbo wa kuuchomoa mpaka Mikal awe amekuja na kusema alilo nalo, liwe zuri au baya. Ole Tobias amekubali, kwa uoga. Mkuu wa Jimbo hatakubali. Na Baba anapumua vibaya akipanda ngazi, sikutegemea kukuandikia hilo lakini ni kweli. Mimi sitaki uje uongee na tundu, Mikal. Nimeshamwona mtu akifanya hivyo. Njoo akiwa bado ana masikio.

Ole Tobias anakusalimu na anauliza kama Amerika kuna kahawa ya kutosha ili hii yetu agawiwe yeye. Severine anakusalimu pia. Anasema mguu upake mafuta ya ini la chewa, na usiuache bila kuutembeza baridi inapoanza. Mimi nakuombea safari njema, kama utasafiri, na afya, kama utabaki. Kahawa ya Mama bado haijasagwa, iko nyuma ya pipa la unga, na kitanda kimetandikwa. Ukifika, vua viatu mlangoni.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Abelone Rist